Mjumbe Mwenye Funguo

Mjumbe hauawi. Waswahili wamelirithi neno hili tangu enzi ambazo barua ilisafiri mkononi mwa mtu, na hoja yake ni nyepesi kueleweka: aliyetumwa hakulitunga alilolibeba, wala hana mamlaka ya kulipunguza au kulizidisha. Hasira ya mpokeaji na imwelekee aliyetuma. Mshenga naye husimama juu ya hoja hiyohiyo. Huingia nyumba ya watu, huketi, husema maneno mazito ya posa kwa niaba ya wengine, kisha hujiondokea na heshima yake hata kama posa imekataliwa, kwani ulimi ulikuwa wake lakini neno halikuwa lake.

Leo amezuka mjumbe wa aina nyingine, na inafaa ajaribiwe kwa kipimo hicho cha kale ionekane kama kinamtosha. Huyu ni msaidizi wa akili mnemba, jina ambalo Mzanzibari halisikii bila ya kukikumbuka kisiwa chake kidogo cha kaskazini-mashariki ya Unguja. Programu hizi zilipoanza kuenea, mwishoni mwa mwaka 2022, zilikuwa za mazungumzo tu. Mtu aliuliza, zikajibu, na jibu likabaki kwenye kioo mpaka mwenyewe alichukue. Aliyepewa jibu baya alikuwa na nafasi ya kulitupa. Siku hizi msaidizi huyo hufunguliwa njia ya kuingia katika barua pepe za ofisi, kalenda, majalada, daftari la wateja na hata vitabu vya hesabu. Huambiwa, "Panga mkutano na wale watu wa juzi," naye huwatafuta watu hao katika barua, hutazama nafasi katika kalenda, huandika mwaliko na kuutuma. Mwaliko hutoka kwa jina la aliyemtuma.

Kazi ya kuunganisha ina ugumu wake. Kila zana ina mlango wake, kufuli lake na adabu zake za kubisha hodi. Wasaidizi 10 wakitaka kuzifikia zana 20, kila mmoja kwa njia yake, yahitajika madaraja 200. Ndiyo sababu Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ili pande zote zizungumze lugha moja. Na ndiyo sababu yapo majukwaa ya kuunganisha, ambayo ofisi huyalipa yaibebe kazi hiyo yote. Jukwaa husimama katikati. Hutunza hati za ruhusa za kila mfanyakazi kwa kila zana, huzihuisha zinapokwisha muda, hulitafsiri ombi la msaidizi likaeleweka na zana inayohusika, na huweka kumbukumbu ya kila lililotendwa.

Hati hizo za ruhusa ndizo moyo wa jambo lenyewe. Zamani, programu moja ilipotaka kuingia katika nyingine, mtu aliipa neno lake la siri, sawasawa na kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu tu anataka kuteka maji kisimani. Utaratibu wa OAuth, ambao toleo lake la pili lilichapishwa Oktoba 2012, uliiondoa aibu hiyo. Mwenye mali huulizwa kama anakubali. Akikubali, hutolewa hati yenye mipaka: huyu asome kalenda, asiandike. Huyu aone majalada haya, yale asiyaguse. Hati yaweza kufutwa bila ya neno la siri kubadilishwa. Ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini ukurasa wa kuomba ruhusa aghalabu humjia mtu akiwa na haraka, umeandikwa kwa maneno mapana, na chini yake kuna kitufe cha kukubali.

Wanazuoni wa fikihi, ambao somo la uwakala wamelipekua kwa karne nyingi, wangekihoji kitufe hicho kwa ukali. Wakala, kwao, sharti awe na akili timamu. Mkono wake ni mkono wa amana: mali ikipotea pasipo uzembe wake wala kuvuka mipaka, halipi. Na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wakala aliyepewa kazi anayoiweza mwenyewe hamtumi mwingine badala yake mpaka apate idhini ya aliyemtuma. Kwa sharti la kwanza tu, mashine imekwisha kuanguka. Basi ingesemwa kuwa hiyo si wakala, ni chombo, na tendo la chombo ni tendo la anayekishika. Hoja hii inavutia kwa wepesi wake. Lakini ni chombo gani kingine, jembe au ngalawa, kinachosoma barua za mwenyewe kisha kikachagua cha kufanya?

Swali hili ni la zamani kuliko akili mnemba. Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alichapisha makala fupi juu ya mkasa uliotokea katika kampuni ya Tymshare ya California. Palikuwa na programu ya kufasiri kazi za waandishi wa programu, nayo ilipewa idhini maalumu ya kuandika mahali pa ndani pa kampuni ili iweke humo takwimu za matumizi yake. Mtumiaji naye aliruhusiwa kuitajia jina la faili la kupokelea matokeo. Mtumiaji mmoja akataja faili ambalo ndani yake zilihifadhiwa hesabu za malipo ya wateja. Mwenyewe hakuwa na haki ya kuligusa. Programu ilikuwa nayo, basi ikaandika juu yake, na hesabu zikapotea. Hardy aliiita programu hiyo naibu aliyechanganyikiwa. Haikuvunjwa wala haikuharibika. Ilifanya sawasawa na ilivyoumbwa. Ilikuwa na mabwana wawili, na saa ile haikujua idhini iliyokuwa ikiitumia imetoka kwa yupi.

Msaidizi wa leo ni naibu huyohuyo, ila mabwana wake hawana idadi. Kwa umbile lake hupokea amri na habari kupitia mlango mmoja. Maneno ya mwajiri wake na maneno ya barua aliyoambiwa aisome huingia pamoja, yakiwa mkufu mmoja. Mshenga akiokota njiani karatasi iliyoandikwa, "Atakayenisoma na amkabidhi mwenye karatasi hii mahari yote," atacheka na kuitupa. Msaidizi aweza kutii. Udhaifu huu ulipewa jina Septemba 2022 na Mwingereza Simon Willison, mwandishi wa programu, na hadi sasa haujapata dawa kamili. Juni 2025 ilitangazwa kasoro iliyoitwa EchoLeak katika msaidizi wa Microsoft 365 Copilot: barua pepe moja yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya atoe siri za ofisi, bila ya mpokeaji kubonyeza chochote. Microsoft iliiziba, ikasema hakuna mteja aliyedhurika. Hata hivyo ilikwisha kuonekana kuwa mgeni yeyote anayeijua anwani ya mfanyakazi aweza kunong'ona katika sikio la mjumbe wake.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, halihusu werevu wala ujinga wa msaidizi. Lahusu amana. Agosti 2025 wezi walizipata hati za ruhusa zilizokuwa chini ya Drift, msaidizi wa mazungumzo aliyekuwa akimilikiwa na kampuni ya Salesloft, ambaye ofisi nyingi zilikuwa zimemuunganisha na daftari zao za wateja katika Salesforce. Baina ya tarehe 8 na 18 ya mwezi huo walizitumia kuchota yaliyomo. Hawakuvunja kufuli lolote la Salesforce. Walibisha hodi kwa jina la mjumbe anayejulikana, wakafunguliwa. Google ilikadiria kuwa taasisi zaidi ya 700 huenda ziliguswa. Cloudflare, mojawapo ya kampuni zilizoguswa, ilikiri kuwa maandishi ya wateja wake waliokuwa wakiomba msaada yamechukuliwa, na ikawashauri wateja hao wakihesabu kila walichokiandika humo, maneno ya siri na funguo zikiwemo, kuwa kimekwisha kutoka nje.

Hapo msomaji na asimame kidogo. Mteja yule aliiandikia Cloudflare. Yamkini jina la Drift hakupata kulisikia maishani mwake. Aliyebonyeza kitufe cha kukubali alikuwa mwingine, katika ofisi nyingine, naye alidhani anatoa ruhusa juu ya kilicho chake. Kumbe sanduku la barua la ofisi limejaa maneno ya watu: mfanyakazi aliyeomba likizo kwa sababu ya ugonjwa asiotaka kuutaja kwa mwingine, mdeni aliyejishusha akaomba asubiriwe hadi mavuno, mjane aliyeuliza mafao ya marehemu. Karatasi huwa mali ya aliyeipokea, lakini siri hubaki ya aliyeiandika. Zamani asiyejua kusoma alimpelekea barua yake mwalimu wa chuo, na mwalimu akazisikia siri za mtaa mzima. Ila mwalimu alikuwa na sura, na nyumba yake ilijulikana. Angevujisha, angesalimiana vipi na watu baada ya sala ya Ijumaa? Jukwaa halina baraza ambapo mjane yule angekwenda kulilaumu.

Watetezi wa majukwaa wana jibu, na kwa haki jibu lao lina uzito. Pasipo kituo kimoja, husema, kila mfanyakazi angejiunganishia mwenyewe apendavyo, na hakuna ambaye angejua ni funguo ngapi zimezagaa wala mikononi mwa nani. Panapo kituo, wizi ukigundulika mlango hufungwa mara moja; na kweli, tarehe 20 Agosti hati zote za Drift za kuingilia Salesforce zilifutwa kwa pamoja. Hoja hii haikanushiki. Lakini kituo kilichorahisisha kufunga ndicho kilichorahisisha kuiba, kwa sababu ileile: funguo zote zilitundikwa kwenye pete moja. Na lile sharti la mafakihi, la mjumbe kutomtuma mwingine pasipo idhini, limevukwa mara ngapi kabla ombi moja halijafika mwisho wa safari yake? Mfanyakazi alimtuma msaidizi, msaidizi akalituma jukwaa, jukwaa likaitumia zana. Aliyeandika barua ya kwanza hakumtuma yeyote kati yao.

Ofisi nyingine zimeweka tahadhari: msaidizi asome na aandike, lakini asitume wala asilipe wala asifute mpaka mtu amthibitishie. Tahadhari hiyo ni njema, na siku ya kwanza karani huitekeleza kwa moyo mkunjufu. Husoma kila barua iliyotayarishwa, hurekebisha jina lililokosewa, hurudisha mwaliko uliotaka kumwendea mtu asiyehusika. Ukifika mwezi wa pili maombi yamekuwa mengi, simu inalia, foleni ya watu imefika mlangoni, na kidole hubonyeza kabla jicho halijamaliza mstari. Kumbukumbu za jukwaa, zikija kufunguliwa siku ya mashitaka, zitaonyesha saa na dakika aliyoridhia.