Sadaka kwa Njia ya Simu

Ndugu Wakristo, twaulizana mara nyingi: je, sadaka iliyotumwa kwa simu ni sadaka kweli? Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008 tumezoea kutumiana fedha kwa njia hiyo, na siku hizi makanisa mengi hutaja namba ya kulipia pamoja na matangazo ya Jumapili.

Wako wasemao kwamba sadaka sharti iletwe kwa mkono mbele ya Altare. Lakini Mtume Paulo alichangisha fedha katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Waliotoa walibaki kwao, na sadaka yao ilikuwa sadaka. Vivyo hivyo mtoto wetu aliyeko Dar es Salaam aweza kusaidia kuezeka kanisa alimobatizwa, Masasi au Newala. Hilo ni jema.

Neno la kutufikirisha ni jingine. Kapu huchanganya. Sarafu ya shilingi 200 ya bibi na noti ya 10,000 ya mwenye mikorosho mingi hulala pamoja, wala hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Simu haichanganyi, huandika jina, kiasi na saa. Orodha hiyo hulinda fedha zisipotee, na Paulo naye aliwatuma watu waaminifu ili asilaumiwe (2 Kor. 8). Lakini orodha hiyohiyo yaweza kutumika kuwapima watu: nani atembelewe haraka akiugua, nani aketi mbele. Hapo tutakuwa tumeliacha fundisho la Bwana la kutoa kwa siri (Mt. 6).

Kwa hiyo yatupasa kupatana mapema, kabla msimu wa korosho haujaanza. Namba iwe ya kanisa, isiwe ya mtu. Orodha ikaguliwe na watu wawili au watatu wenye kutunza siri. Jumla isomwe kanisani, majina yasisomwe. Tena kapu liendelee kupita, ili asiye na simu asione aibu.

Bwana wetu alipowatazama watu wakitia fedha hekaluni (Mk. 12), alijua yule mjane ametoa riziki yake yote. Kujua hivyo ni kwake. Sisi tumepewa kuhesabu fedha kwa uaminifu, na kumpokea kila atoaye kama ndugu.