Faili la Talaka ni la Nani?

Februari 2004, aliyekuwa akiongoza kura za maoni katika mchujo wa chama cha Democrat huko Illinois, kuwania kiti cha Seneti ya Marekani, hakuwa Barack Obama. Alikuwa Blair Hull, tajiri wa masoko ya hisa aliyemwaga mamilioni ya dola za mfukoni mwake kwenye matangazo ya televisheni. Waandishi wa Chicago wakaanza kuuliza: mbona faili lake la talaka limefungwa? Kwanza Hull alishikilia kwamba hayo ni mambo ya nyumbani kwake, lakini alipobanwa akakubali lifunguliwe. Ndani mlikuwa na amri ya ulinzi ambayo mkewe wa zamani aliipata mahakamani mwaka 1998, pamoja na madai ya vitisho na kupigwa. Hull alikuwa amekamatwa mwaka huo, ingawa hakushtakiwa. Machi, Obama akashinda mchujo kwa zaidi ya nusu ya kura, Hull akaambulia nafasi ya tatu.

Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye alikuwa na faili lake. Hilo lilikuwa Los Angeles, maana mtalaka wake, Jeri Ryan, ni mwigizaji wa televisheni. Gazeti la Chicago Tribune na kituo cha televisheni cha WLS waliomba mahakama ilifungue. Wazazi wote wawili walipinga kutolewa kwa karatasi za malezi ya mtoto. Watu walioshindwa kukaa nyumba moja walisimama upande mmoja. Juni 2004 jaji akaamuru sehemu ya karatasi hizo zitoke, huku akikiri kwamba mtoto angeweza kuumia. Yaliyotoka yalikuwa madai kwamba mume alimpeleka mkewe kwenye vilabu vya ngono, madai ambayo Jack aliyakana. Kabla mwezi haujaisha akajitoa. Novemba Obama akamshinda Alan Keyes, aliyeletwa kujaza pengo, kwa asilimia 70 ya kura.

Na huyo Obama mwenyewe ana faili la talaka nyuma yake. Wazazi wake walitalikiana kwa hukumu ya mahakama ya Honolulu mwaka 1964, baba yake, Mjaluo wa Kogelo, akiwa masomoni Harvard.

Swali linalobaki baada ya siasa kupita ni la kale kuliko Seneti. Mke na mume wakishapeleka ugomvi wao mbele ya hakimu, yale waliyoyasema yanakuwa mali ya nani? Yao wenyewe? Ya mtoto, ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa? Au ya yeyote atakayepita na kuuliza?

Sheria ya California inaelemea jibu la tatu, na mtu akifika masjala ataliona kwa macho yake. Kila kaunti ya jimbo hilo ina mahakama yake kuu inayosikiliza mashauri ya familia. Mwombaji hupanga foleni dirishani, akajaza fomu: majina ya pande mbili, mwaka wa shauri, namba ya kesi kama anayo. Asipokuwa nayo hutafuta kwenye faharasa kwa jina la ukoo, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mke huenda alifungua shauri kwa jina la kwao, au karani wa enzi hizo alikosea herufi moja. Faili la zamani linaweza kuwa ghalani au kwenye filamu ndogo, hivyo huambiwa arudi siku nyingine. Likipatikana, atalifunua pale pale mbele ya macho ya watumishi. Nakala ni senti 50 kwa ukurasa. Hukumu ya talaka yenye muhuri wa kuthibitishwa ni dola 15. Kuasili mtoto ni habari nyingine kabisa: mafaili hayo yamefungwa, hayatoki kwa mtu baki bila amri ya jaji.

Karani hamuulizi mtu anataka faili la nini. Kwa talaka ya kawaida, iliyo wazi, mpenzi mpya wa mwanamume, mdai wake, mwanahistoria wa ukoo na mbea wa mtaa wote ni sawa dirishani.

Ila kuna kizuizi kimoja ambacho watu hawakioni kwa urahisi. Kanuni za mahakama za jimbo hilo haziruhusu umma kusoma karatasi za kesi za familia kwa mbali kupitia intaneti. Anayezitaka anyanyuke aende jengoni. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi, mwaka 1989, kukubali wazo la jamaa na hilo: habari zilizotawanyika kwenye masjala za kaunti mbalimbali, ambazo mtu hazipati mpaka ahangaike, si sawa na habari hizo hizo zikikusanywa mahali pamoja. Nauli, foleni na nusu siku ya kazi vimekuwa pazia. Ni pazia la ajabu, kwa sababu halimpimi mtu kwa nia yake bali kwa muda alio nao, na mwandishi wa habari analipwa kwa muda wake.

Nia ndiyo dini huanza nayo. Katika Kurani, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Hadithi mashuhuri inamwahidi anayemsitiri Mwislamu mwenzake kwamba naye atasitiriwa na Mola. Wakristo nao wanaye Yusufu katika sura ya kwanza ya Mathayo: alipoona mchumba wake ana mimba, aliazimia kumwacha kimyakimya asimwaibishe, na Injili inamwita mwenye haki kabla hata malaika hajamtokea. Kwa kipimo hicho, mafaili yote ya talaka yangepigwa lakiri.

Lakini hayo ni nusu ya habari. Kurani hiyo hiyo ina sura nzima inayoanza na kesi ya ndoa. Khawla binti Tha'laba alimwendea Mtume kumshtaki mumewe, Aws bin Samit, aliyemtamkia kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, tamko la kijahilia lililomweka mke si mke, si mtalaka. Kwa mashitaka yake zikashuka aya za mwanzo za Sura ya Al-Mujadila, na wafasiri wakahifadhi majina yote mawili. Hind binti Utba alilalamika kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na watoto. Akaambiwa achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Bukhari na Muslim wameipokea kesi hiyo, na mafakihi wakajenga juu yake sheria ya matumizi ya mke. Abu Sufyan, mkuu wa Makuraishi, anajulikana kwa ubahili wake karne kumi na nne baadaye, na hakuna aliyeomba faili hilo lifungwe.

Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, aliziorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa. Ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshtakia kadhi. Nyingine ni kuwaonya watu, kama anapoulizwa mtu kuhusu mchumba. Hapo husimuliwa habari ya Fatima binti Qays, aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume akamweleza waziwazi kwamba mmoja ni fukara na mwingine fimbo haimtoki mkononi. Kibali hicho kina mpaka: yasemwe yanayohitajika kwa huyo anayeyahitaji, basi.

Mizani hii inapima Illinois vizuri kuliko maneno ya jumla kuhusu haki ya umma kujua. Mtu anayeomba kura ni mposaji wa aina yake. Amri ya ulinzi aliyopewa mke ni fimbo isiyotoka mkononi, au walau ni jambo ambalo mpiga kura ana haki ya kuliuliza, na Hull hakuonewa. Faili la Ryan halifanani na hilo. Madai yaliyokanwa, yaliyotolewa katika ugomvi wa malezi, mke mwenyewe akiwa hataki yatoke, yalimwonya nani na juu ya hatari gani? Yaliuza magazeti. Jaji aliyatazama maslahi ya mtoto, akayaweka kwenye mizani, kisha akaruhusu yashindwe na udadisi.

Hata hivyo anayetaka kufunga milango yote aisome kesi ya Scott dhidi ya Scott, Uingereza. Mwanamke aliomba ndoa yake ibatilishwe kwa kuwa mumewe hakuiweza, shauri likasikilizwa faragha. Alipoona anasemwa vibaya, akatuma nakala za mwenendo wa shauri kwa ndugu za mumewe ajisafishe. Akatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1913 Baraza la Malodi likamtoa hatiani, likisisitiza kwamba haki hutendwa hadharani na haya peke yake si sababu ya kufunga mlango. Usiri uliodaiwa kuwalinda watu heshima yao ulikuwa umemziba mdomo mke, huku umbea ukiendelea bila kizuizi.

Wenye mali huipenda faragha kwa sababu zao. California ilitunga sheria mwaka 2004 iliyomwezesha mtalaka kufungisha karatasi zinazoonyesha mali zake. Bilionea Ron Burkle akaitumia, vyombo vya habari vikapinga, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ikasema inakiuka katiba. New York imejichagulia njia yake: mafaili ya ndoa hayaonyeshwi mtu baki kwa miaka 100, wahusika na mawakili wao wakiachwa waendelee kuyaona. Baada ya karne moja wanaobaki kuona aibu ni wajukuu, kama wapo.

Kenya imejaribu kugawanya kitu ambacho California hukiacha kizima. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inamlinda mtu dhidi ya kufichuliwa bila ulazima kwa habari za familia yake; ibara ya 50 inataka mashauri yasikilizwe hadharani, ila inaruhusu umma utolewe nje panapokuwa na ulazima. Hukumu nyingi za ndoa huchapishwa kwa herufi badala ya majina. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya MNK dhidi ya POM: watu wawili walioishi pamoja miaka mingi, wakagombania nyumba. Majaji walisema hapakuwa na ndoa ya kukisiwa, kisha wakaigawa mali kwa asilimia 70 na 30. Hoja zote zimo humo na kila wakili anaweza kuzitumia, na udadisi wa wapita njia umenyimwa majina tu. Kwa majirani wa MNK na POM, bila shaka, herufi hizo si fumbo hata kidogo.