Nani Anamgeuza Mama Usiku?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mtu kuhakikisha kuwa ndugu zake hawako karibu: hivi hapa kwetu kuna mahali pa kumpeleka mzazi akatunzwa? Anayeuliza karibu kila mara ni mwanamke. Ni binti aliyebaki jirani na nyumbani, au aliyeachika akarudi, au mkamwana ambaye mumewe yuko kazini kutwa. Mama amepata kiharusi, upande mmoja hauinuki. Au baba ameanza kupotea njia, anatoka usiku, anarudishwa na vijana wa bodaboda. Binti huyu hajalala usingizi wa kutosha kwa muda mrefu, na juu ya uchovu wake anaona haya kwa kuuliza tu.

Haya hiyo ina historia. Makazi ya wazee ya serikali huku Tanzania Bara yamekusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Mzee hufika pale kupitia ofisi ya mtaa au kijiji na afisa ustawi wa jamii. Watoto hawaendi kulipia chumba. Baadhi ya makazi hayo, kama Nunge kule Kigamboni na Bukumbi mkoani Mwanza, yalianza kuwa sehemu za wagonjwa wa ukoma. Tumekua tukisikia yakiitwa kambi, na mtu wa kambini alikuwa mtu aliyekosa kwao. Kwa hiyo mama mwenye watoto sita na shamba la urithi akitajiwa makao ya wazee, ukoo mzima unasikia tusi. Zanzibar, ambako nyumba za Sebleni na Welezo zimo mikononi mwa serikali, na Nairobi, ambako masista wa Kikatoliki wanaendesha Nyumba ya Wazee kule Kasarani kwa ajili ya wazee maskini, mazungumzo yana uwazi zaidi kidogo. Lakini hata huko nafasi ni chache, na zile za kulipia zina bei ya wenye uwezo.

Jibu la kweli kwa binti yule, basi, ni kwamba kwa familia nyingi mahali hapo hapapo. Mama atauguzwa nyumbani. Nami naliona hilo kuwa jema pale linapofanywa kwa makini. Linaloniumiza ni kuona tukilihesabu neno "nyumbani" kuwa matunzo tosha. Mzee anaweza kutelekezwa akiwa katika chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe mwenyewe: sahani imewekwa mbali na mkono unaofanya kazi, maji hayapo kwa sababu akinywa atakojoa, na wageni wanaambiwa amepumzika.

Kuuguza mtu mzima ni kazi yenye ujuzi wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya mkiani, nyongani na kisiginoni huanza kufa, na vidonda vya kulalia vikishachimbika huchukua miezi kupona, vingine haviponi. Aliyepata kiharusi huenda koo lake limelegea. Akilishwa akiwa amelala, uji unaweza kuingia mapafuni ukamletea homa ambayo nyumbani itaitwa malaria. Na mzee anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo. Bibi wa Kihaya aliyeishi Dar es Salaam miaka 40 akizungumza Kiswahili safi, siku moja anaanza kuomba maji kwa Kihaya. Msichana aliyeletwa kumwangalia ametoka Singida. Haelewi, bibi anakasirika, na jioni taarifa inayowafikia watoto ni kwamba bibi siku hizi amekuwa mkorofi.

Msichana huyo naye atazamwe kwa haki. Aliajiriwa kufagia, kupika na kuwapeleka watoto shule. Mzee alipoanguka, kazi ya kumuogesha, kumbadilisha nepi na kumgeuza iliongezwa juu ya zile za kwanza bila mafunzo, bila glavu na bila nyongeza ya mshahara. Tunamlaumu akiondoka usiku na begi lake. Mimi namwelewa.

Katika familia hiyohiyo, mara nyingi, yuko mtu anayeijua kazi hii barabara. Yuko Uingereza au Marekani. Vijana wetu wengi wa ughaibuni wanaishi kwa kutunza wazee wa wenzao, na Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu hao mwaka 2022, Waafrika wengi walikwenda. Wamefundishwa kumwinua mtu kitandani bila kuumiza mgongo, kukagua ngozi, kuandika dawa saa kwa saa, kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzao wa zamu inayofuata. Hela wanatuma kila mwezi, na inauma kujua kwamba mikono inayomgeuza bibi wa mtu mwingine kwa ustadi wote haiwezi kumfikia mama mzazi. Lakini ujuzi unaweza kufika. Simu ile ile inayopokea muamala ina kamera. Dada wa Leicester anaweza kumwelekeza mpwa wake wa Moshi hatua kwa hatua: weka mto hapa, inua goti hili, tazama kisigino, nionyeshe. Akifanya hivyo mara kwa mara atakuwa ametoa zaidi ya hela yake. Atajua pia hali halisi, badala ya kusubiri ile sentensi ya "mama anaendelea vizuri".

Vikao vya familia navyo vina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni neno "tutasaidiana". Kikao kinachomtendea haki mzee kinamaliza kwa majina na siku. Nani analala naye Jumamosi ili dada alale. Nani anampeleka kliniki ya presha, na kadi ya matibabu inakaa kwa nani. Nani analipa mhudumu, kiasi gani, tarehe ngapi. Asiye na hela atoe saa zake; mwenye hela asidhani amemaliza. Na ikiwa familia imebahatika kupata nyumba ya kulipia, isiende kuitazama asubuhi ya miadi, sakafu ikiwa imepigwa deki. Iende wakati wa chakula cha jioni na kuangalia kama wanaoshindwa kujilisha wanalishwa. Iulize usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, nani atamuogesha mama, kama ataweza kuswali au kupata sakramenti, na kama yupo wa kuzungumza naye lugha yake.

Serikali zetu zimelisema jambo hili kwa maandishi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inataja familia na dola pamoja. Zanzibar imekwenda mbele kwa vitendo: tangu 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 anastahili pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na imeongezwa baadaye. Mzee mwenye chake, hata kidogo, husikilizwa zaidi ndani ya nyumba.

Na kusikilizwa ndiko kunakosahaulika kwanza. Familia moja ya Tanga ninayoifahamu ilibishana kwa muda mrefu kama mama ahamie Dar kwa kaka mkubwa au Arusha kwa binti. Mjomba ndiye aliyesema aulizwe mwenyewe. Mama akajibu kwamba hataki kuwaacha wanawake anaoswali nao, wala jirani yake wa miaka mingi. Anachoogopa ni choo cha nje usiku. Wakajenga choo cha kukaa ndani, fundi akachomelea bomba la kushikia ukutani, na binti wa jirani akaajiriwa kulala naye kwa malipo yaliyoandikwa.

Kazi kama ya binti huyo ingeweza kupangwa mtaa kwa mtaa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake kadhaa wakifundishwa na muuguzi mstaafu, wakanunua glavu, mito na kiti cha magurudumu, wanaweza kuhudumia nyumba kadhaa kwa zamu na kulipwa vizuri. Maombi hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sioni kwa nini maombi ya kikundi cha kuuguza wazee yasiwe mezani kwake, pamoja na yale ya ufugaji wa kuku na utengenezaji wa sabuni.