Mshale wa Mita na Ushahidi wa Mtu

Sisi watu wa pwani tunakijua kibaba kilichobonyea kitako. Mwenye duka hana nia mbaya, mkono wake ni ule ule na kibaba ni kile kile, lakini kila anayepimiwa hupunjika bila ya mtu kutamka uongo. Leo nataka tulitazame swali hili: mtu akisema yale aliyoonyeshwa na kipimo, na kipimo chenyewe kimepotoka, je, amesema kweli? Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinifika njiani.

Nilikwenda Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kumtazama mwanafunzi wangu wa zamani aliyehamia huko kwa biashara ya mpunga. Siku moja akanichukua kwa pikapu yake kwenda Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Tulipofika penye nyumba za watu palikuwa na kibao cha 50, nacho ndicho kiwango cha sheria ya Tanzania penye makazi. Akapunguza mwendo mpaka mshale ukasimama juu ya 50. Mara mtamba wa ng'ombe akakatiza. Kijana alikanyaga breki, lakini akampiga. Mguu ukavunjika, akachinjwa pale pale.

Mfugaji, mtu mzima, alisema gari ilikuwa mbio. Mwanafunzi wangu akaapa, "Wallahi, ilikuwa 50!" Wazee wa pale wakanigeukia mimi mwenye kilemba. Nikasema, "Gari ilikuwa ikienda 50, nimeona kwa macho yangu." Basi wakaamua hasara igawanywe, na mfugaji akalipwa nusu ya thamani ya mnyama wake.

Kesho yake tulimpelekea fundi gari ile atengeneze taa iliyovunjika. Akayatazama matairi, kisha akauliza, "Haya mmeyatia lini? Siyo ya saizi yake." Mwanafunzi wangu akajibu kwamba aliyatia kabla ya mvua, ili gari iwe juu kidogo katika tope la vijijini. Gari ilitoka na matairi ya 235/70 R16, naye akatia ya 265/75 R16. "Basi Maalim," fundi akaniambia, "mita hii haijui kwamba miguu imebadilishwa."

Akatueleza. Mita ya gari haiioni barabara. Inahesabu mizunguko ya magurudumu na vyuma vinavyoyazungusha, kisha inafanya hesabu kwa tairi iliyofundishwa kiwandani. Tairi ya kwanza ikizunguka mara moja hupeleka gari kiasi cha sentimita 231. Hii ya pili hupeleka karibu sentimita 253. Mita huendelea kuhesabu 231. Kwa hiyo, kama ilikuwa sawasawa kabisa mwanzoni, sasa ikisema 50 gari inakwenda karibu 55, na ikisema umekwenda kilomita 100, umekwenda 109. Tairi ikiwa ndogo kuliko ya asili, mambo hugeuka: mita husema zaidi ya kweli.

Lakini akatuonya tusitegemee hesabu peke yake, kwa kuwa mita nyingi hutoka kiwandani zikisema mwendo uliozidi kidogo. Tukaenda kupima barabarani. Gari iendayo 50 humaliza kilomita moja kwa sekunde 72. Tulishika saa baina ya vigingi viwili vya kilomita, mshale ukiwa juu ya 50, tukapata sekunde 67. Huo ni mwendo wa karibu 54. Msomaji asidharau tofauti hii. Masafa ya kufunga breki hayaongezeki sawa na mwendo, bali hukua kwa mraba wake. Hapo yameongezeka kwa asilimia 15 hivi. Hatua chache kama hizo zaweza kuwa uhai wa ng'ombe, au wa mtoto.

Mwanafunzi wangu akanyamaza, kisha akasema, "Maalim, mimi sikujua. Na jambo limekwisha, tunalifukulia nini?"

Nikamjibu kwamba hapa pana mambo matatu, tusiyachanganye. La kwanza ni dhambi. Wanavyuoni wametenga baina ya anayeapa uongo hali ya kujua na anayeapa akidhani ni kweli, na yeye ni huyu wa pili. La pili ni dhamana. Kukosea bila ya kukusudia huondoa dhambi, lakini hakuondoi haki ya aliyeharibiwa mali yake. Hata anayeua kwa bahati mbaya hudaiwa diya. La tatu ni ushahidi, na hili lilikuwa langu. Mimi niliuona mshale, sikuuona mwendo. Ilinipasa niseme, "Mita ilionyesha 50." Niliposema "gari ilikuwa ikienda 50," niliifanya dhana kuwa yakini. Na shahidi akijua kwamba amekosea, kunyamaza kwake baada ya hapo si kosa tena, ni dhuluma.

Tukarudi kwa mfugaji mbele ya wazee wale wale, nikasema niliyoyajua. Kijana akamaliza nusu iliyobaki kwa radhi yake. Mfugaji akahesabu fedha, akanitazama, akasema, "Nilijua ilikuwa mbio. Ila nilipoona Sheikh amesema, nikanyamaza." Maneno haya yalinichoma kuliko kama angalinitukana. Kumbe kilichomshinda hakikuwa mita, kilikuwa kilemba changu.

Ndugu Msomaji, kuitengeneza mita si kazi kubwa. Ama urudishe matairi ya saizi yake, ama, kwa gari za zamani zenye mita ya waya, fundi abadilishe kijigurudumu cha meno penye giaboksi. Na kwa gari za siku hizi fundi wa kompyuta aifundishe mita tairi mpya. Kisha uipime barabarani. Mwenye kukodisha gari kwa kilomita na mwenye kuuza gari kwa kusoma mita, wote wajue kwamba Suratul Mutaffifin haikuwahusu wenye pishi na mizani peke yao.

Na liko jambo jingine. Aliyebadilisha msingi wa kipimo, ni juu yake kukisahihisha kipimo. Neno langu nikiwa mwanafunzi lilikuwa na uzito mdogo. Nikikosea, watu walinirekebisha. Leo nimekuwa mzee na neno lile lile linakwenda mbali zaidi, nami nilikuwa bado nalipima kwa kipimo cha ujana. Kila aliyeongezewa mali, cheo au heshima, na atazame: je, mita yake imeambiwa?

Wabillahi tawfiq.