Rushwa ya ngono kazini: Tujifunze kwa kanzu ya Yusuf

Kila inapozungumzwa habari ya mabosi wanaowadai mabinti ngono ili wawape ajira, wapo Waislamu ambao jibu lao ni moja tu: "Wajisitiri." Hijabu ni amri ya Allah (s.w.), haina mjadala. Lakini dada aliyejisitiri, naye akadaiwa ngono ili mkataba wake uendelee, tumwambie nini?

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ilipotungwa mwaka 2007, kifungu cha 25 kilimkataza mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki. Adhabu ikawa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2024 likaja pendekezo la kumtia hatiani pia anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono. Watetezi wa wanawake wakalipinga, wakihofia mlalamikaji atageuziwa kibao. Hofu hiyo ina msingi. Bosi akishitakiwa atasema nini zaidi ya "yeye ndiye aliyenitaka"?

Hila hiyo ni kongwe. Katika Surat Yusuf, mwanamke mwenye nyumba ndiye aliyefunga milango na kumtaka Yusuf (a.s.), kijana aliyekuwa chini ya mamlaka yake. Walipomkuta mume mlangoni, yeye ndiye aliyewahi kushitaki. Haki ilijulikanaje? Hawakuitwa mashahidi wanne. Ilitazamwa kanzu: imechanika mbele au nyuma? Kipimo hicho kiliwatendea haki wote wawili, kwani kingeweza kumtia hatiani yeyote kati yao. Hata hivyo, baada ya ukweli kudhihiri, aliyepelekwa jela ni Yusuf asiye na hatia.

Basi tusiwanyamazishe dada zetu kwa hoja ya mashahidi wanne. Sharti hilo (24:4) ni la anayemsingizia mwenzake zinaa. Anayesema "nimedaiwa ngono" analalamikia dhulma, na ushahidi wake, ukiwemo ujumbe wa simu, upimwe kama ilivyopimwa ile kanzu.

Ni kweli wapo wanaojipeleka wenyewe, na zinaa ya hiari ni dhambi kwa wote wawili. Lakini Qur'an (24:33) imewakemea wanaowalazimisha wajakazi wao kufanya umalaya kwa tamaa ya dunia, na ikawapa matumaini ya msamaha waliolazimishwa. Sheria yoyote isiyomtenganisha aliyelazimishwa na aliyejitolea itamlinda dhalimu.

Kwa hiyo marekebisho tunayopaswa kuyadai ni mawili: adhabu isiyoishia kwenye faini kwa mwenye mamlaka, na kinga kwa anayelalamika. Nasi tuanze na shule, zahanati na ofisi zetu wenyewe. Tunapokataza faragha ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake, tumkataze kwanza bosi, maana ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Wallahu a'lam.