Ndoo Yenye Mfuniko: Je, Kuweka Akiba ya Chakula ni Uchoyo?

Waswahili husema akiba haiozi. Waisraeli waliotoka Misri walifundishwa kinyume chake: mana waliyoibakiza mpaka asubuhi iliingia mabuu na kunuka. Mtu mwenye kipato kidogo anayejaribu kuweka chakula nyumbani kwake anaishi katikati ya mafundisho hayo mawili. Kwetu Dzaleka, ghala la nyumbani ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, iliyowekwa juu ya matofali ili unyevu wa sakafu usiifikie. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: jirani akipiga hodi jioni na kusema watoto wake hawajala, nami najua kwamba ndani ya ndoo mna maharagwe ya wiki mbili, je, nina haki ya kuyabakiza?

Uzito wa swali hili unatokana na mahali linapoulizwa. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, karibu kilomita 50 kutoka Lilongwe. Wakati wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palipangwa kupokea watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tunazidi 50,000, wengi wetu tukiwa tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilikubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 bila kujifunga na baadhi ya vipengele vyake, vikiwemo vinavyohusu ajira na uhuru wa kwenda mtu anakotaka. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo, warudi kambini. Hivyo kaya nyingi hutegemea msaada wa kila mwezi, ambao umewahi kupunguzwa, pamoja na vibarua na biashara ndogondogo za hapa hapa. Fedha huja siku moja kwa mwezi. Njaa haina tarehe.

Katika hali hiyo, kuweka akiba ni hesabu kabla ya kuwa jambo la tabia. Malawi huvuna mahindi kuanzia mwezi wa nne, na bei hushuka. Kuanzia mwisho wa mwaka bei hupanda, na Januari na Februari ndiyo miezi migumu. Anayeweza kununua debe wakati wa mavuno hula mwezi wa pili kwa bei ya mwezi wa tano. Asiyeweza hununua unga kwa kikombe na mafuta kwa kifuko kidogo, na mwisho wa mwezi, akijumlisha vikombe vyote, atakuta amelipa zaidi ya aliyenunua kwa wingi. Kuweka noti chini ya godoro nako hakusaidii sana. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Aliyekuwa na noti alilala akiwa nazo na kuamka zikinunua pungufu. Aliyekuwa na kunde aliamka na kunde zile zile.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Malawi yenyewe ina historia inayotufundisha jambo hilo. Mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa hapa nchini, watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuharisha na hata kuvuruga akili. Mahindi yalikuwepo. Kilichokatika kwenye mgao ni karanga, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini, vitamini ambayo mahindi hayaitoi ya kutosha yakiliwa bila mwenzake. Mtu anaweza kushiba unga na bado mwili wake ukafa njaa. Ndiyo maana ndoo iliyojazwa unga mweupe mtupu siihesabu kuwa akiba kamili.

Ndoo nzuri ya mnyonge haina vitu vya ajabu. Ina unga wa mahindi yasiyokobolewa, ambao Wamalawi huuita mgaiwa na Watanzania huuita dona. Ina maharagwe au kunde, karanga zilizonunuliwa na maganda yake na kukaushwa vizuri, maana karanga zenye unyevu huota ukungu wenye sumu. Ina usipa, dagaa wa Ziwa Malawi, na mboga za majani zilizochemshwa kidogo na kuanikwa kivulini, ambazo wenyeji huziita mfutso. Ina chumvi yenye madini ya joto na chupa ya mafuta. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha hula makaa machache, na yakiliwa na nyanya au limau mwili hupata chuma zaidi. Yote haya yanajulikana na akina mama wengi wa hapa. Wanachokosa ni fedha ya kuyatenda kwa mara moja.

Sasa turudi mlangoni. Anayesema kubakiza ni dhambi ana hoja nzito. Yesu alimwita mpumbavu yule tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Katika karne ya 4, Basil wa Kaisaria alihubiri juu ya tajiri huyo huyo na kufundisha kwamba mkate unaoufungia ndani ni wa mwenye njaa. Kuuzuia ni kumnyang'anya. Hoja hiyo inanigusa, kwa sababu haimwombi mwenye nacho awe na huruma. Inamwambia arudishe mali ya mtu.

Hata hivyo naona kwamba hoja hiyo ilielekezwa kwa mtu mwenye ghala kubwa, na tunakosea tunapoihamishia nzima nzima kwenye ndoo ya lita 20. Tuitazame tena habari ya mana. Ni kweli iliyobakizwa ilioza, lakini siku ya sita watu waliruhusiwa kuokota mara mbili, kwa kuwa siku ya saba mana isingeshuka, na ile ya siku ya sita haikuoza. Aliyebakiza siku nyingine alibakiza kwa kutoamini. Aliyebakiza siku ya sita alijua kwamba kesho hakuna kitu. Yusufu naye alijaza maghala ya Misri miaka saba, na vitabu vitakatifu vya Wakristo na vya Waislamu vinamsimulia kwa sifa. Kwa hiyo tusiulize tu kama mtu amebakiza. Tuulize pia anabakiza kwa ajili ya siku gani, na ya nani.

Mfano mwingine uko njiani kwenda Lilongwe. Kabla ya kuingia mjini, basi dogo hupita Kanengo, yaliko maghala ya akiba ya taifa ya nafaka. Kabla ya njaa ya 2001 na 2002 sehemu kubwa sana ya akiba ile ilikuwa imeuzwa, na njaa ilipofika maghala hayakuwa na cha kutosha. Nchi ililaumiwa kwa sababu haikubakiza. Hakuna aliyeita akiba ile uchoyo. Basi kwa nini neno "busara" tulitumie kwa serikali, na "uchoyo" kwa mama anayefunika ndoo yake? Yeye pia ana raia wake, nao ni watoto watakaomuuliza chakula tarehe 25.

Hapo atatokea mtu na kuniambia: "Ndugu, maghala ya Kanengo hujazwa ili yafunguliwe. Na ndoo yako?" Hilo ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba ndoo nayo lazima iwe na siku ya kufunguliwa. Aristotle alifundisha kwamba ukarimu umekaa kati ya kutapanya na kubana, na kwamba kumpata mtu anayestahili, kiasi kinachofaa na wakati wake ni kazi ya akili. Mimi ningeongeza kwamba kazi hiyo haifanyiki vizuri mlangoni. Mlangoni tunaamua kwa aibu, au kwa hasira, au kwa kumtazama aliyekuja kama ni wa kabila letu. Ni afadhali kuamua siku fedha inapoingia, kabla hodi haijapigwa: hiki ni kibaba cha jirani, kiwe kikubwa au kidogo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kibaba kilichotengwa mapema humsaidia hata mwombaji, kwani hahitaji kusimulia shida zake zote ili apewe.

Na kibaba kikiisha, hodi ya tatu ikapigwa? Hapa natofautisha sufuria na ndoo. Chakula kilichokwisha kupikwa ni cha waliopo. Sioni sababu yoyote ya kumnyima mtu aliyesimama mlangoni sahani ikiwa mezani, hata kama kila mmoja wetu atapata matonge machache. Chakula kilichomo kwenye ndoo ni cha watakaokuwepo, na huenda huyo huyo jirani akawa miongoni mwao. Kukigawa chote leo ni kumfurahisha wa leo kwa fungu la mtu ambaye bado hajafika kupiga hodi. Sheria hii ina ukomo mmoja: uhai ukiwa hatarini, mtoto akiwa amedhoofika kwa njaa au mjamzito akianguka, mfuniko unafunguka, na hesabu ya tarehe 25 itafanywa tarehe 25.

Mtu asinielewe kwamba jirani ni wa kumtendea wema kwa sababu naye ataniokoa siku moja. Ni kweli kwamba mara nyingi anaokoa, na vikundi vya kina mama wanaochanga na kununua gunia pamoja vinathibitisha kwamba jirani ni ghala jingine. Lakini yupo bibi anayeishi peke yake, yupo aliyefika jana na mfuko mmoja, wasio na cha kurudisha kesho wala mwaka ujao. Kibaba kinapaswa kuanzia kwao, maana kwa hao ndipo tunapojua kama tulikuwa tunatoa au tulikuwa tunakopesha.

Hatimaye, tusiubebeshe mfuniko wa ndoo mzigo usio wake. Mwaka 1981 Amartya Sen alionyesha katika kitabu chake juu ya umaskini na njaa kwamba watu wanaweza kufa njaa chakula kikiwepo, kwa kukosa njia halali ya kukifikia, iwe ni fedha, kazi au haki. Rafu za maduka makubwa ya Lilongwe zimejaa, na umbali kutoka rafu hizo hadi Dzaleka haupimwi kwa kilomita peke yake. Kumfundisha mtu kupanga matumizi wakati huruhusiwi kumpa kazi ni kumfundisha kugawa kidogo kuwa kidogo zaidi. Mafunzo ya lishe nayaheshimu, na orodha niliyoitoa hapo juu naiamini. Ila wajibu wa ndoo yangu hauwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa sheria, wa mashirika na wa nchi zilizosababisha tukakimbia.

Kwa hiyo najibu swali langu hivi. Ndiyo, nina haki ya kubakiza, mradi ninajua ninabakiza kwa ajili ya siku gani, nimetenga kibaba cha jirani kabla hajaja, na sufuria yangu haina mfuniko mbele ya mwenye njaa. Akiba ya namna hiyo siiiti uchoyo. Kuna watu wameandika kwamba mkimbizi ni mtu anayesubiri tu. Anayeanika mboga mwezi wa nne ili zilike mwezi wa kwanza anaifanyia kazi kesho yake, na sioni kwa nini aone haya kuifunika.