Gharama ya Kutibu Unene: Ni Juu ya Nani?

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tuliletewa suali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka kabla halijamalizika. Muulizaji alisema: Dada yangu ameshikwa na unene uliopita kiasi. Ana maradhi ya sukari na presha, na magoti hayamchukui, hata sala huisali juu ya kiti. Madaktari wamemshauri apasuliwe, apunguzwe mfuko wa tumbo, na gharama yake ni malaki ya shilingi tusizokuwa nazo. Je, yafaa kumchangishia watu? Yafaa kumpa zaka? Na mumewe je, hana linalomlazimu?

Mmoja akajibu, "Na afunge mdomo, hilo halina gharama." Watu wakacheka. Sisi twaona jawabu hili ndilo la kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndani yake imefichwa hukumu: kwamba aliyejiletea maradhi hana haki kwa nduguze. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayomkemea mwenye kujaza tumbo twaijua sote. Walakini Mtume huyo huyo aliamrisha watu watafute tiba, wala hakumtoa katika amri hiyo mgonjwa aliyekosea katika kula kwake. Kijana akiendesha bodaboda kwa kasi akavunjika mguu, jioni ile ile twamchangia, wala hapana aulizaye alikuwa akienda mwendo gani. Mvuta sigara akiharibika mapafu, twamsafirisha hata India. Imekuwaje mizani itolewe kwa mwanamke huyu peke yake?

Tena hilo la kufunga mdomo si jepesi kama wadhanivyo wasemaji. Elimu ya utabibu imethibitisha kwamba mwili uliokwisha kunenepa hupigana na mwenyewe anapojikondesha: njaa huzidi, na mwili hutumia nguvu chache kuliko kwanza. Katika operesheni ifanywayo zaidi siku hizi hukatwa kadiri ya sehemu nne katika tano za mfuko wa tumbo, na pamoja nazo huondoka mahali panapotoka kwa wingi kichocheo cha njaa. Ama kwa upande wa sharia, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilijuzisha kupunguza uzito hata kwa kupasuliwa, kwa sharti unene uwe umekuwa maradhi, pasiwe na njia nyingine, na pawe na salama ya madhara. Basi atakaye kupasuliwa kwa ajili ya umbo tu hayumo katika maneno yetu.

Sasa kwa mume. Hapa yatupasa tuseme kweli ijapokuwa ni chungu. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vyasema kwamba bei ya dawa na ujira wa tabibu si katika masurufu ya mke yanayomlazimu mume. Wako waume wasiofungua kitabu kwa jambo jingine lolote, lakini ukurasa huu wanaujua kwa moyo: tumbo lake, na dhahabu yake imtibu! Marehemu Dkt. Wahba al-Zuhayli wa Shamu, aliyefariki mwaka 2015, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha fikihi kwamba zamani tiba haikuwa katika mahitaji ya lazima, na leo imekuwa hitaji kama chakula, bali kupita chakula. Kwa hivyo gharama yake ni juu ya mume. Sisi twaifuata rai hii, wala hatuoni kuwa ni kuwavunjia heshima wa kale, ambao walihukumu kwa desturi ya zama zao. Mume mwenye uwezo asitume watu kugonga milango ya wengine. Na dhahabu ya mke ni mali yake. Akiiuza ni kwa hiari yake, si kwa kununiwa.

Mume asipokuwa na uwezo, hapo ndipo penye zaka. Aya ya 60 ya Sura Tawba imewataja wanane. Mgonjwa hakutajwa kwa jina lake, lakini fakiri, maskini na mwenye deni wametajwa. Asiyeweza kulipia tiba anayoihitaji ni fakiri au maskini kwa kadiri ya upungufu wake, na aliyekopa kwa ajili ya tiba akashindwa kulipa ni mwenye deni. Apewe mwenyewe, aimiliki. Ama mikopo ya riba, iwe ya benki au ya simu, hatuioni kuwa imehalalika kwa dharura. Maradhi haya si ya kufa usiku huu, na muda wa kutafuta njia nyingine upo. Mwenye bima asome mkataba wake, kwani nyingi huihesabu operesheni hii kuwa ni urembo, na barua ya daktari itajayo sukari na presha humsaidia. Mwenye SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, aulize kabla ya kulazwa, si baada.

Baada ya hayo ndipo mchango. Hatukubali kwamba mji wetu hauna fedha. Tuna kamati za harusi zenye mweka hazina na daftari, na ukumbi hulipwa kabla ya mahari. Arobaini ya maiti hupikiwa biriani na watu wasiomletea marehemu hata dawa alipokuwa hai. Kamati ya wagonjwa mtaani iko wapi?

Na ikipatikana, isikusanye bei ya kisu peke yake. Aliyepasuliwa hivi huhitaji vitamini na madini maisha yake yote, na damu yake kupimwa kila mwaka. Majuma ya mwanzo huishi kwa vinywaji, na Ramadhani ikiwa karibu hafungi ila kwa shauri la daktari. Anayeachwa mlangoni mwa hospitali baada ya operesheni amesaidiwa nusu.

Muulizaji wetu tulimwambia aanze kwa shemeji yake, barua ya daktari mkononi, pamoja na wazee wawili wa msikiti. Ikibainika kwamba mkono wake ni mfupi kweli, arudi kwetu na hesabu yote, ya operesheni na ya miaka ifuatayo.